Samaki Aliyemchujukia Dobi

Kama una chai mkononi iweke chini kwanza, maana habari za Dobi zina pahali pa kucheka, na chai hupalia.

Dobi alikuwa anapiga pasi shati mpaka nzi akitua kwenye kola anateleza na kuvunjika mguu. Nzi wa mtaa ule walishajua, wakawa wanapita mbali na duka lake na kwenda kutua kwa muuza nyama, kwenye usalama. Kuna mwalimu mmoja aliyekatwa kidole na mkunjo wa suruali yake mwenyewe, na hakulalamika. Alifunga kitambaa, akaenda kazini anajivuna.

Mwenyewe alikuwa pande la mtu, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya pasi, na ncha za vidole zimekunjamana kama za mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Lakini upole wake! Akimwangushia mtu shuka chini, alimwomba radhi mwenye shuka, halafu akaliomba na shuka.

Aliishi peke yake mpaka mvi zikaanza kupiga hodi. Hapo ndipo alipoingia mjane mmoja na furushi la mashati ya marehemu mumewe, anataka yafuliwe ili ayagawe kwa watu wa kuyavaa. Dobi aliyafua, akayanyoosha moja moja, kwa taratibu, kana kwamba mwenyewe angekuja kesho yake kuyachukua. Mjane alipoyaona yametundikwa pale yamesimama kifua mbele, alikalia rundo la mashuka ya watu akalia. Dobi hakujua mtu anayelia anashikwa wapi. Akampa alichokuwa nacho, leso safi, bado ya moto kutoka kwenye pasi.

Kesho yake mjane akairudisha leso. Dobi akaifua, akampelekea tena. Naye akairudisha. Leso ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka watu wakaulizana, jamani, leso gani hii isiyotakata? Mwisho wakaoana, leso ikapumzika.

Mjane alikuja na binti yake. Mtaani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Alizungumza na paka, na mlango unaokwama, na uji unaochelewa kupoa. Mtu mmoja tu hakuzungumza naye, na huyo ni Dobi. Akiwa na shida naye alipitisha maneno kwa mama yake.

"Mama, mwambie aliyekaa hapo anipishe."

Dobi alisogea. "Mwambie nimeshasogea."

"Mama, mwambie nimeona."

"Na mimi mtaniambia lini mnanilipa kwa kazi ya utarishi?" mama alisema, lakini moyoni hakuwa anacheka. Mtoto alimpenda sana baba yake, na yule mtu mkubwa mpole kwenye kiti cha baba yake alimkera zaidi kwa kuwa hakuwa na ubaya wa kumchukia.

Basi shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto na wakaja, akasema mtoto akakae kwake mwaka ule, kwenye damu yake. Mwaka ukiisha, mtoto mwenyewe ataamua kwake ni wapi. Mama hakukataa. Mtoto si mbuzi, hafungwi kwa kamba. Lakini tangu siku ile chumvi ya mboga ikawa haina kipimo, leo imezidi, kesho haipo.

Sasa, Chiriku alikuwa na samaki. Pembeni mwa mtaa paliishi Mama Viputo, muuzaji wa samaki wa mapambo, wale wa kuwekwa kwenye tangi la kioo wakatazamwa. Chiriku alikuwa akimsaidia kusugua matangi, akazawadiwa samaki mchanga wa aina ya oska, urefu wake kidole. Alikuwa mweusi kama mkaa, na juu ya ule weusi mistari myeupe ya kupindapinda, kama mtu amemwaga maziwa kwenye chungu kilichoungua, na kichwani vitone vyeupe kama ameponyoka kwenye gunia la unga. Chiriku akamwita Pundamilia.

Mama hakumtaka karibu. "Samaki mimi namjua akiwa kwenye sufuria. Huyu ananitazama kama ninamdai."

Kwa hiyo siku ya kuondoka, gari la shangazi linaunguruma nje, Chiriku alisimama mbele ya Dobi, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Huyu anaitwa Pundamilia," alisema. "Nikirudi nimkute."

Dobi akatikisa kichwa kukubali. Gari likaondoka, likakunja kona, vumbi likatua, na Dobi bado anatikisa kichwa.

"Basi, mume wangu, shingo itakatika," mkewe akamwambia. "Ameshakwenda."

"Ameniambia mimi," alisema Dobi. "Umemsikia? Hakukupitia wewe."

Tangi likawekwa kwenye meza ndogo mbele ya ubao wa pasi. Dobi akawa anayalaza maji ya bomba kwenye ndoo usiku kucha, dawa ya bomba itoke, kabla ya kumbadilishia, kama alivyokuwa akimwona Chiriku akifanya. Akachimba minyoo nyuma ya nyumba, yeye mtu aliyekuwa akiona mnyoo anainua miguu yote miwili. Samaki akakaa kiooni anafuata pasi kwa macho, inakwenda naye anakwenda, inarudi naye anarudi, wateja wakahofu atapata kizunguzungu. Haukupita muda akawa anakula kwenye vidole vya Dobi, tena kwa fujo, anapiga maji na mkia mpaka mashati ya watu yanarushiwa.

Ndipo siku moja Dobi akaona jambo. Mistari myeupe kule mkiani haikuwa myeupe tena. Ilikuwa na rangi ya chai ya mgonjwa.

Mtu mwingine angesema samaki anakua. Lakini Dobi alikuwa dobi, na dobi akiona rangi imebadilika ana neno moja tu, kuchujuka. Akachukua kitambaa cheupe, akakitumbukiza kwenye tangi, akakikamua, akakiangalia juani kutafuta rangi iliyotoka. Kitambaa kilikuwa safi.

"Anachuja," alimwambia mkewe kwa sauti ya msiba, "na rangi haionekani inakokwenda."

Wiki baada ya wiki mistari ikazidi kufifia, na pale ilipokuwa yakachomoza madoa ya rangi ya machungwa yaliyoiva kupita kiasi. Dobi akashika kichwa. Kutu! Kutu ndiyo adui mkubwa wa dobi, na dawa yake kila dobi anaijua, ndimu na chumvi. Na kwa kuwa hofu huwa haiulizi njia, akakamua nusu ya ndimu ndani ya tangi na kutia chumvi juu yake.

Samaki akapauka. Akashuka chini taratibu, akalala ubavu kwenye changarawe, jicho moja limemkodolea Dobi kama mkwe aliyekaribishwa chakula kibichi.

"Mke wangu! Njoo!"

Mkewe akaja mbio na mwiko mkononi, akanusa maji. "Umemtia nini?"

"Ndimu. Kidogo."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

"Ungemalizia na pilipili basi, nikaweke mafuta jikoni! Ndoo iko wapi?"

Yeye ambaye hakutaka kutazamwa na samaki ndiye aliyembeba kwa viganja vyake kumtia kwenye ndoo ya maji yaliyolala, huku Dobi anazunguka tangi kama kuku aliyekoswa na gari. Samaki alilala ubavu siku ile yote. Kesho yake akainuka, rangi imemrudi. Ila alinuna. Dobi akisogea, anageuka na kumwonyesha mgongo.

"Huyu amefundishwa na mwenyewe," mkewe akasema.

Baada ya hapo Dobi hakuthubutu tena kumtia dawa. Alimlisha na kumtazama akiharibika. Oska akanenepa, akawa kama kiganja, kisha kama ndara ya mtu mzima. Mstari wa mwisho ukamezwa. Mwili ukawa wa rangi ya masizi yenye ukijani kwa mbali, na madoa yale yakawaka kama makaa yanayopulizwa. Halafu pale mkia unapoanzia pakatokea duara jeusi, limezungushiwa pete ya rangi ile ile ya moto. Dobi alipoliona alikaa chini. Alama ya kuungua. Alama ya kuungua haina dawa, kila dobi anajua.

"Mbona amependeza?" mkewe akasema. Kwa siri alikuwa ameanza kumpelekea samaki vipande vya nyama.

"Mama Chiriku," Dobi akamjibu, "mteja akikuletea shati la mistari ukamrudishia la madoa, utamwambia limependeza?"

"Basi nenda kamuulize Mama Viputo."

Hapo Dobi akarudi kwenye pasi yake. Dobi aliyeharibu nguo haendi kutangaza sokoni. Tena Mama Viputo alikuwa anaongea na Chiriku kwa simu, na habari ingefika kabla hajavaa viatu. Mtoto angesema, mama yangu nilimwachia kitu kimoja yule mtu, kimoja tu. Na asingerudi. Dobi alikuwa hatazami mbali zaidi ya hapo. Samaki akiharibika mtoto harudi, na mtoto asiporudi, mke wake atakaa na kisima kikavu moyoni maisha yake yote, naye Dobi ndiye atakayekuwa amekifukia.

Shangazi akapiga simu kwamba Jumamosi wanakuja, yeye na mtoto, na mtoto atasema kauli yake. Ijumaa Dobi akaenda kwa Mama Viputo, kofia imevutwa mpaka puani, kana kwamba mtaani kulikuwa na mwingine wa umbo lile.

"Dobi! Umejificha wapi?"

"Nataka oska. Mdogo. Mwenye mistari."

"Wa pili? Usiwaweke pamoja, mkubwa atammeza kama kidonge."

"Hawatakaa pamoja," alisema Dobi, na hapo walau hakusema uongo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na birika la saruji la kulowekea mashuka. Alilisugua bila sabuni mpaka saruji ikaona haya, akalijaza maji yaliyolala, akamhamishia humo mkubwa na kufunika kwa wavu. Mdogo akatiwa kwenye tangi. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Samaki wa mwaka mzima, urefu ule ule wa kidole? Hata mchicha unakua, mume wangu."

"Nitasema hakuwa na hamu ya kula."

Jumamosi Dobi alikuwa anapiga pasi tangu asubuhi, nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa pasi. Mlangoni akaingia msichana mrefu, shingo kama ya twiga, chunusi mbili kwenye paji la uso, nywele zimesukwa kikubwa.

"Karibu dada," Dobi akamwambia. "Umekuja kuchukua nguo za nani?"

Msichana akamtazama. Jikoni sufuria ikaanguka, mama akatoka mbio akamkumbatia mtoto wake, na Dobi akatamani pasi immeze. Nyuma yao akaingia shangazi, gauni la rangi ya maziwa, la kitambaa kile ambacho ukikitazama vibaya kinajikunja.

"Wifi, hujambo? Dobi, na wewe upo?"

"Nipo, dada. Karibu."

Lakini Chiriku alikuwa ameshafika kwenye tangi. Aliinama, akaweka kidole kwenye kioo. Kale kasamaki kakakimbilia nyuma ya jiwe.

"Huyu si wangu," alisema.

Dobi akaendelea kupiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Hakuwa na hamu ya kula," alisema Dobi.

Mkewe akaziba uso kwa upande wa kitambaa cha kichwa.

"Huyu si wangu. Wangu alikuwa anakifuata kidole." Kidevu cha Chiriku kikaanza kutetemeka, na ghafla urefu wote ule ukamtoka, akawa mtoto. "Amekufa. Semeni tu kwamba amekufa. Kwa nini mnaniwekea mwingine?"

"Nilijua," shangazi akasema. "Chukua mkoba wako, mwanangu. Chai tutakunywa njiani."

Chiriku akainua mkoba wake.

Dobi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Samaki hufa, wamekufa na watu sembuse samaki, na hakuna anayelaumiwa. Aliyeharibiwa ndiye mwenye mkono wa mtu juu yake. Lakini aliyaona macho ya mtoto, na maneno yakamtoka kabla hajayakunja vizuri.

"Hajafa. Nimemharibu."

Wote wakamgeukia.

"Njoo umwone," alisema. "Halafu uende, kama ni kwenda."

Wakaenda nyuma wote wanne, shangazi akiinua gauni lake kukwepa madimbwi. Dobi akaondoa wavu. Ndani ya birika, samaki mkubwa akageuka pole pole, madoa yake yanawaka kwenye maji, akapanda juu moja kwa moja kwenye mkono wa Dobi na kuanza kumng'ang'ania kidole.

Chiriku aliinama juu ya maji. Dobi akaona hukumu inachelewa, akaanza kujishtaki mwenyewe.

"Alianza kuchuja hapa, mkiani. Nikajaribu kwa kitambaa, rangi haikutoka. Halafu hii kutu. Nikamtia ndimu, kosa langu, alilala ubavu siku nzima. Na hapa ameungua, lakini Mungu ni shahidi, pasi sikuisogeza karibu, sijui cheche ilitoka..."

"Ametoa jicho," alisema Chiriku.

"Nini?"

"Hilo duara! Si kuungua, ni jicho la mkiani, wanatoa wakikua! Mama, tazama, ametoa jicho!" Alikuwa ameshapiga magoti, mikono imo ndani ya maji mpaka kwenye viwiko. "Mama Viputo aliniambia. Wakiwa wadogo wanavaa mistari, wakikua wanaivua, na madoa kila mmoja anatoka na yake, huwezi kukuta wawili sawa. Nilikuwa nasubiri kuona wangu atakuwaje. Nimemuwaza mwaka mzima!"

Dobi aliyashika yale maneno kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, hajui aweke wapi mkono.

"Kwa hiyo sikumharibu."

"Hapana!"

"Mimi nilifikiri..." Akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

Hakuuliza kwa kulaumu. Aliuliza kama anavyouliza mtu ufunguo uko wapi. Lakini Chiriku aliinamisha kichwa, akatazama maji.

"Nilikuwa sisemi na wewe," alisema.

"Eh. Ni kweli," alisema Dobi. "Nilisahau."

Chiriku akacheka huku pua inatiririka. Akajisogeza, akamwachia nafasi kwenye ukingo wa birika. "Nionyeshe. Doa gani lilitoka la kwanza?"

Na Dobi alijua. Alijua lipi lilitoka kabla ya mvua na lipi baada, lipi lilianza kama tone la chai na lipi lilijitokeza ghafla kama mgeni wa chakula. Akachomeka kidole majini kuonyesha. Samaki akadhani ni mnyoo. Akaruka kwa nguvu zake zote za ndara, akapiga mkia, na maji ya birika yakainuka, wallahi, yakammwagikia shangazi kuanzia kifuani mpaka kwenye viatu.

Gauni la rangi ya maziwa likawa na rangi ya birika.

"Vua, dada," Dobi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mamlaka. "Likikauka na uchafu huo halitoki tena. Vua sasa hivi."

Ndivyo shangazi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alivyojikuta amekaa chumba cha mbele amejifunga shuka la mteja, limenyooshwa mpaka limesimama lenyewe kama hema, kichwa tu kimechomoza. Dobi akafua gauni, akalikamua ndani ya taulo, akaliweka kwenye ubao. Chiriku akasimama pembeni yake, akawa anaongea. Akamgombeza kwa ajili ya ndimu. Akataka kujua minyoo aliichimba wapi. Akamwambia tangi lile halimtoshi tena Pundamilia, linatakiwa kubwa, la ukutani, na yule mdogo arudishwe kwa Mama Viputo kabla hajaliwa. Akamuuliza maswali kumi na kujibu tisa mwenyewe. Dobi alisema "eh" na "ndiyo" na "sikulijua hilo", na pasi inakwenda na kurudi.

Shangazi alikuwa anawatazama, chai imepoa mbele yake.

"Wifi," alimwambia mama ya Chiriku kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Mtoto huyu kwangu alikuwa anasema 'ndiyo shangazi' na 'hapana shangazi'. Mwaka mzima."

"Chiriku?"

"Nikadhani ni adabu." Akalivuta shuka mabegani. "Nikawa nawasifia majirani kwamba nimemlea, anasikia. Kumbe nimemzima kama taa." Kisha akapaza sauti. "Wewe mtoto! Sanduku lako lililobaki kwangu nitalileta mwenyewe wiki ijayo. Umesikia?"

Chiriku aligeuka. Mdomo ulikuwa wazi na safari hii haukutoa neno. Alimtazama shangazi, akamtazama mama yake ambaye alikuwa ameshaanza kulia, kisha akamtazama Dobi.

Na Dobi, aliyenyoosha nguo za mtaa mzima, harusi na misiba, bila kuacha alama hata kwenye leso, alikuwa amesimama anamtazama mtoto, mkono umetulia, na pasi imetulia chini yake.

"Dobi," shangazi akasema, akinusa hewa. "Nini kinachoungua?"

Shangazi alirudi kwake jioni peke yake, amevaa gauni la wifi yake, lililomkomea magotini na kumbana kwapani. Watu walipomuuliza, alisema ni mtindo.